Mfarishi wa Zuwena na Yule Ndege wa Pili

Jamani, leo nimeadhirika. Na nimeadhirika mbele ya wanawake thalathini na watano. (Niliwahesabu. Mtu akikosa pa kuweka macho huhesabu watu.)

Naandika haya nikiwa ndani ya gari, Ibra, huku kwetu Oman, nje ya nyumba ya watu, adhana ya Magharibi ndiyo kwanza imekwisha. Mkononi nina kipande cha uzi wa zari. Mtajua cha nini. Someni taratibu, na anayejijua kuwa hana uwezo wa kujizuia kucheka, aishie hapa hapa.

Kwa msionijua: naitwa Shinuna, nakaa Al Kamil, na nashona mifarishi. Nasema mfarishi wa kizamani, vitambaa vya kuunga juu, pamba katikati, kitambaa kizima chini, na mishono inapita juu yake yote. Tuko wanne. Yuko Moza wa Nizwa, mwalimu mstaafu, ambaye mpaka leo akiona mshono uliopinda anakunja uso kama ameona daftari chafu. Yuko Rayya wa Ibra, anayeshona mbio mbio utadhani anafukuzwa. Niko mie, mwenye mkono mzuri kuliko wote (wenyewe wanajua, hawasemi tu). Na yuko Zuwena, wa Ibra pia, shoga yangu tangu tuko wasichana. Leo ametimiza miaka arobaini ya ndoa na Bwana Seif.

Wanawe wawili, Khalfan na Nasser, waliamua kuwafanyia wazee wao karamu. Sisi watatu tukaamua kumshonea Zuwena mfarishi kwa siri.

Kabla sijaendelea kuna jambo lazima mlijue. Zamani kidogo, Bwana Seif alihamishiwa kazi Sur. Miaka mitatu. Akirudi Ibra mwisho wa wiki tu. Na watu hawana dogo: ikasemwa ana mke huko. Hakuna aliyemwona mke huyo, lakini kila mtu aliijua rangi ya mkoba wake. Zuwena hakumuuliza mumewe. Alikuja kwangu Al Kamil, akakaa jikoni, akalia mpaka chai ikapoa. Muda wa kazi ukaisha, Seif akarudi, mke hakuonekana wala hakusikika, maneno yakafa yenyewe. Lakini Zuwena hajauliza na Seif hajasema. Tangu wakati huo neno Sur halitajwi mbele ya Zuwena. Sisi wenzake tukienda Sur tunasema tumekwenda “pwani”. Limekuwa kama kidonda kilichofungwa kitambaa, watu wote wanapita mbali.

Basi. Likumbukeni hilo, maana mie nililisahau.

Miezi miwili nyuma, binti yangu Asya, anayekaa Kanada na mumewe, alinitumia kalenda. Kalenda ya picha za wasanii wa Kiinuiti, watu wa kaskazini kabisa, kwenye barafu. Nilipoifungua nilikaa nayo sakafuni, chakula kikaungua. Nyinyi mnaoshona mtanielewa. Dubu mmoja, rangi mbili, jicho moja, basi, na unajua yule dubu ana njaa na amechoka na anarudi kwake. Hakuna nyasi wala mawingu ya kujazia nafasi. Msanii amelikata umbo lile, akaliacha lijisemee. Sisi miaka yote tunajaza mifarishi maua mpaka hayapumui!

Niliipeleka kalenda Ibra, nyumbani kwa Rayya. Moza akashuka kutoka Nizwa na boksi la halwa. Tukaifunua jani moja moja, kila mtu anashika moyo wake.

“Shufi, tazameni huyu samaki!” Rayya akasema.

“Huyo si samaki, huyo sili, mnyama wa bahari ya barafu,” Moza akamsahihisha.

“Basi mie namtaka huyo huyo sili.”

Asya alitupigia simu ya video akatuonya. “Mama, msinakili kazi za watu. Tazameni wao wanavyowaona wanyama wao, halafu nyinyi tazameni maisha yenu vivyo hivyo.” Tukasema inshallah. Na ndipo tukapata wazo: kila kipande cha mfarishi kiwe hatua moja ya ndoa ya Zuwena, ikisimuliwa na mnyama mmoja, umbo moja, jicho moja. Na vitambaa vitoke kwenye nguo zao wenyewe, kanga kuukuu za Zuwena na kanzu kuukuu za Seif. Mke wa Khalfan akatuibia mzigo mzima kabatini, Mungu amsamehe.

Moza akashona dubu aliyebeba mtungi mgongoni, jasho linamtoka: mwaka waliohamia nyumba mpya na kiyoyozi hakijafika. Rayya akashona sili na mtoto wake: mwaka aliozaliwa Khalfan. (Sili wa Rayya ni bilingani. Bilingani lenye macho, na bilingani dogo ubavuni. Tumemwambia ni zuri sana.) Vikaja vipande vya kuhama, vya Hija, vya Nasser kuvunjika mkono kwenye mtende.

Kipande cha katikati, kile kikubwa, nikakichukua mie.

“Tukione kikiwa tayari,” Moza akasema.

“Hamtakiona. Mtakiona siku hiyo pamoja na watu wote.”

“Shinuna, macho manne ni bora.”

“Macho yangu mawili yanatosha, mwalimu.”

(Sentensi hiyo naomba iandikwe kwenye kaburi langu.)

Sasa sikilizeni jinsi mtu mwenye akili timamu anavyojichimbia shimo kwa sindano.

Ndani ya kalenda palikuwa na ndege mkubwa mweupe, mama, amekunjua mbawa zake, na chini ya kila ubawa kinda mdogo. Roho yangu ikasema, huyu ndiye Zuwena. Zuwena na wanawe wawili! Ndege wangu si yule wa kalenda, nilimfanya mwenye shingo ndefu kama wale weupe wanaosimama kwenye maji ya mfereji wetu. Na kwa kuwa ni mweupe, nikamkata kutoka kanzu ya Seif. Kitambaa cheupe kizuri tulichokuwa nacho kilikuwa hicho tu. Hakuna ubaya, sivyo?

Makinda wakanishinda. Kipande kidogo vile hakikunjiki pindo, uzi unafumuka, vidole vinauma. Nikawakata wakubwa kidogo. Bado. Nikawakata wakubwa zaidi. Mwishoni makinda walimfika mama yao begani, lakini pindo lilikaa vizuri mno! Hakuna ubaya.

Kinda wa kulia nikamkata kutoka kanga ya Zuwena, ile nyekundu yenye korosho, aliyokuwa akiivaa kila shughuli na Ibra nzima inaijua. Ikaisha. Kinda wa kushoto hana nguo. Nikatafuta Al Kamil nzima sikupata kitambaa cha kufanana. Jumamosi nikawasha gari nikaenda, naam, pwani. Nikarudi na kitambaa cha zambarau kinachometameta, kipya kabisa, kizuri hata nikajinunulia na mie. Hakuna ubaya.

Kisha ukabaki uzi wa zari. Mshonaji gani anaacha zari ibaki? Nikawatia makinda wote wawili vipuli.

Leo asubuhi, nimeshaunga kila kitu, nimeshakifunika kipande cha katikati kwa kitambaa cheupe, nimekishikiza kwa bandi, mshono wa muda wa uzi mmoja, ili niuvute mbele ya watu kifunguke kwa madaha, Rayya akapiga simu.

“Shinu, Bwana Seif umemtia?”

“Nimtie wapi?”

“Katika mfarishi! Arobaini ni yake pia. Asije akanuna.”

Nikaduwaa. Nilikuwa nimemsahau kabisa Bwana Seif. Saa nne ya asubuhi, karamu baada ya Alasiri, na Ibra ni mwendo. Nikafumua kifuniko, nikamtazama ndege wangu mkubwa mweupe. Nikapata akili. Nikakata kitambaa cha rangi ya machungwa, nikamvisha ndege yule kilemba. Kilemba kizuri, kimefungwa barabara, na ncha imening’inia kama anavyofunga Seif mwenyewe. Sasa ni baba na wanawe chini ya mbawa zake!

Na Zuwena je? Nikajiambia Zuwena yumo ndani ya mfarishi wote. Nikampiga picha ndege wangu, nikamtumia Asya. Kanada ilikuwa usiku wa manane, amelala. Nikarudisha kifuniko, nikaondoka naimba.

Nilifika nyumba imeshajaa. Ukumbi wa wanawake unanukia udi, bajia zinapita, mkate wa kumimina umekatwa. Wanaume wako majlis, upande wa pili wa ua. Zuwena amekaa katikati, amevaa nguo ya kijani, mikono ina hina, anacheka na kila mtu. Nikamwona mzuri kuliko siku ya harusi yake, wallahi, na nikafurahi hata machozi yakanilenga.

Kando yake, kitini, amekaa wifi yake, Bi Nunu, dada mkubwa wa Seif. Bi Nunu ana miaka thamanini na kitu. Ametoka Unguja mjini akiwa msichana na ulimi wake ametoka nao vile vile.

“Shikamoo, bi mkubwa,” nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Na hii arobaini ndiyo sherehe gani tena? Enzi zetu arobaini ilikuwa ya maiti.”

“Ni ya furaha, bi mkubwa.”

“Haya. Nyinyi furahini, mie nitakula.”

Tukaleta mfarishi, mie na Moza na Rayya, umekunjwa. Zuwena alipoona akaziba mdomo. “Nyie! Ndiyo maana mkinikwepa miezi miwili! Nikadhani nimekukoseeni!” Akaukumbatia kabla hata haujakunjuliwa. Tukautandika juu ya zulia. Wanawake wakasogea, wakapiga magoti, wakaanza kutafuta nguo wanazozijua.

“Hii kanga ya harusi ya Nasser hii!”

“Maskini dubu, ametota!”

“Na hili bilingani?”

“Ni sili,” Rayya akasema kwa uchungu.

Zuwena anapita na kidole kipande hadi kipande, anaeleza watu, huyu ni sisi tunahama, huyu ni mie na Khalfan, anacheka, anafuta machozi. Nilisimama pale nimejaa. Nilijiona fundi wa mafundi. Nikapiga makofi.

“Na sasa,” nikasema kwa sauti (kwa sauti, jamani, mwenyewe, hakuna aliyenituma), “kipande cha katikati. Ndoa ya Zuwena na Bwana Seif, kama ilivyo!”

Nikavuta uzi. Kifuniko kikateleza. Mke wa Khalfan alikuwa na simu mkononi, akapiga picha hapo hapo, na hapo hapo, bila ya kutazama, akaituma kwenye kundi la ukoo.

Nilingoja vigelegele. Havikuja.

Nikasikia kiyoyozi. Nikasikia mtu anameza bajia. Nikaangalia wanawake, wote wamekodolea macho sakafuni. Nikafuata macho yao. Na jamani, wakati ule ule, kwa mara ya kwanza, nikakiona nilichokishona.

Palikuwa na bwana. Kanzu nyeupe, kilemba. Amekunjua mikono yake. Kulia kwake mwanamke, amevaa kanga ya Zuwena na vipuli. Kushoto kwake mwanamke mwengine, amevaa zambarau mpya inayometameta. Na vipuli.

Bi Nunu akaweka kikombe chini. Akavaa miwani. Akainama, akatazama muda mrefu.

“Huyu ni Seif,” akasema. “Kilemba chake. Na huyu Zuwena, kanga yake naijua.” Kidole kikahamia kushoto. “Enhe. Na huyu tulimwoa lini?”

“Bi mkubwa, hao si wake! Hao ni makinda!”

“Makinda gani makubwa hivi?”

“Watoto! Ni watoto wake. Ni Khalfan na Nasser!”

“Khalfan ana vipuli?”

Mtu mmoja nyuma akapiga chafya ya uongo. Khalfan, niwaambie, ana miaka thelathini na minane, ana ndevu mpaka kifuani, na ni meneja wa benki. Mkewe akaficha uso ndani ya shela yake, mabega yanatikisika. Moza alinitazama tu. Hakusema macho manne. Afadhali angesema.

Nikamgeukia Zuwena. Hakuwa anacheka. Alikuwa anaitazama ile zambarau, mkono umesimama hewani, na nikaiona sura ile ile ya jikoni kwangu, siku ya chai iliyopoa. Moyo ukanipasuka. Katika watu wote duniani, mie! Mie niliyemfuta machozi!

Na hapo Bi Nunu, ambaye kwa maisha yake yote hajaacha jambo nusu, akakishika kile kitambaa cha zambarau akakisugua kwa vidole.

“Zuri hili. Zito. Hapa Ibra halipo. Umelipata wapi?”

Ningeweza kusema Muskat. Ningeweza kusema nimeletewa zawadi. Ningeweza kuzimia, watu huzimia kwa madogo kuliko hayo. Lakini mkubwa akikuuliza unajibu, tumelelewa hivyo, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

“Sur.”

Jamani.

Jamani!

Ukumbi mzima uliingiza pumzi ndani mara moja. Mwanamke mmoja akasema “Ya Rabb!” Rayya akakaa juu ya bilingani lake. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu watu. Nilifika thelathini na watano.

Kisha tukasikia kelele kutoka majlis. Wanaume wanapiga makofi. Sauti moja, nzito, inapaza hongera: “Alf mabruk, ya Seif! Kimya kimya hivyo?” Na kicheko. Picha ilikuwa imeshafika.

Kikohozi mlangoni. “Hodi! Ninakuja.” Wanawake wakavuta shela zao vichwani, na Bwana Seif akaingia, simu mkononi, uso mwekundu. Ni mtu mpole Seif. Huongea kidogo, huonekana kama kila saa anatafuta funguo zake. Akanitazama.

“Shemeji Shinuna. Wenzangu kule wananipa mkono. Nimeoa?”

“Shemeji, nisamehe, nilikata makinda makubwa...”

Nikaanza kueleza habari ya pindo. Naapa. Mbele ya watu wote wale nikaanza kueleza jinsi kitambaa kidogo kisivyokunjika pindo. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasogea, akachuchumaa karibu na mfarishi, magoti yakalia, akamtazama yule ndege mwenye kilemba chake.

“Lakini umeshona kweli,” akasema. “Hivi ndivyo ilivyo.”

Zuwena akainua uso.

“Wote wawili ni Zuwena,” Seif akasema. “Huyu wa kulia ndiye ananiambia njoo ule, Seif, chakula kinapoa. Huyu wa kushoto ndiye ananigombeza. Na mie hapa kati kati, miaka arobaini, sina pa kukimbilia.”

Kicheko kikaanza kutoka pembeni, kidogo kidogo. Bi Nunu hakucheka. Bi Nunu alikuwa bado kazini.

“Na wa Sur?” akamuuliza nduguye. “Maana kitambaa cha Sur hiki. Kasema mshonaji mwenyewe.”

Nilifumba macho. Nilitamani zulia linimeze na mfarishi wangu.

Seif akaiweka simu yake juu ya zulia. Halafu akasema, si kwa Bi Nunu, kwa Zuwena:

“Wa Sur ni huyu huyu mgomvi. Miaka mitatu nilikaa chumba kimoja na walimu wawili wanaokoroma, na kila siku baada ya Isha simu inalia. Umekula? Umekula nini? Mbona sauti yako hivyo? Umevaa fulana? Wale walimu wakaniambia, Seif, mkeo kahamia hapa, tofauti ni kuwa hatumpikii tu. Sikuwa na mwengine Sur. Sikuwa na nafasi ya mwengine.”

Miaka yote ile! Maneno machache hivyo, na alikuwa nayo mfukoni miaka yote!

Zuwena alimtazama. Sikujua kama kinachokuja ni kilio au nini. Vikaja vyote. Akacheka huku machozi yanamiminika juu ya hina, akacheka hata akashika mbavu, na ukumbi ukalipuka. Vigelegele nilivyokuwa navingoja vikaja vyote kwa pamoja. Wanaume kule majlis wakaitikia bila ya kujua wanaitikia nini.

“Khalas, nitaufumua,” nikasema, nami nalia. “Nitamtoa huyu wa zambarau kesho asubuhi. Nitakushonea upya, Zuwena, wallahi.”

“Hufumui kitu!” Akajipangusa uso. Akakaa vizuri. Akamtazama mumewe, kisha akamtazama ndege wa kushoto, na macho yakamng’aa ule utundu wake wa usichana. “Ila chukua mkasi, Shinu. Huyu wa Sur mvue vipuli.”

“Vipuli?”

“Eeh. Mie miaka ile ya Sur sikuletewa hata kipuli kimoja. Huyu naye kavitoa wapi?”

Hapo hata Bi Nunu alicheka. Alicheka meno yote, na meno yenyewe si yake. Seif akatoka kwa kurudi nyuma, mkono kifuani, anasema amesikia, amesikia, na wanawake wanampigia vigelegele mpaka uani.

Nami, Shinuna binti wa watu, mkono mzuri kuliko wote, nikapiga magoti juu ya zulia mbele ya wanawake thalathini na watano, nikaanza kumvua ndege vipuli. Wakanizunguka. Uzi wa zari niliuzamisha vizuri mno (nilikwambieni najua kushona), hautoki. Bi Nunu amesimama juu yangu na miwani yake.

“Hapo umebakisha.”

“Nimeona, bi mkubwa.”

“Na hapo.”

“Ndiyo, bi mkubwa.”

“Mwalimu Moza, hebu njoo umsaidie huyu, macho yake hayatoshi.”

Mnadhani Moza alinionea huruma? Alikuja na miwani yake na mkasi wake mdogo, akakaa kando yangu, akasema polepole, sikioni, kwa utamu kama wa halwa yao ya Nizwa: “Manne, Shinuna.”

Kati kati ya kuvua kipuli cha pili simu yangu ikalia. Asya. Kwao kumekucha, ndiyo kwanza anafungua macho. Ujumbe wa kwanza: “Mama, kwa nini kinda ana vipuli?” Wa pili: “Mama, nani alimvisha huyu kilemba?” Wa tatu, kwa herufi kubwa zote: “MAMA USIFUNUE.” Nikampa Rayya ausome kwa sauti, kwa kuwa nilikuwa sina tena cha kuficha.

Zuwena alinisindikiza mpaka kwenye gari. Amejifunika mfarishi mabegani, joto lote hili, anatoka jasho kama dubu wa Moza. Akanishika mkono, akanitilia ndani yake ule uzi wa zari tulioufumua, akavifunga vidole vyangu juu yake.

“Wiki ijayo nipitie,” akasema. “Nataka twende Sur. Nataka kitambaa kama kile, nishone gauni.”

Ametamka Sur. Kwa mdomo wake, mlangoni kwake, kama mtu anavyotaja duka la pembeni.

Basi niko hapa garini, nimeshika uzi wangu, nimekaa na furaha na aibu, sijui niwashe gari kwa ipi. Ndani bado wanacheka, nasikia jina langu. Nyinyi wenzangu tafadhali msicheke. Na kama yupo kati yenu mwenye bwana anayefanya kazi Sur, mfarishi wake akamwagize Moza.